Lahaja za Kiholanzi hazifuati mpaka wa nchi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua ili tusahihishe ramani mliyoichapa pamoja na makala kuhusu lugha za Ulaya Magharibi. Ramani hiyo iliipaka Uholanzi yote rangi moja ikaandikwa "Kiholanzi", nusu ya kaskazini ya Ubelgiji ikapakwa rangi nyingine ikaandikwa "Kiflemi", na mstari uliozitenga rangi hizo ni ule ule wa mpaka wa nchi mbili. Makala yenyewe ikaongeza kwamba Kiholanzi kina lahaja nne. Hata Ulaya watu huteleza hapo. Lakini wasomaji wenu wamekulia ndani ya lugha yenye lahaja kuanzia Kibajuni hadi Kimakunduchi, na wanastahili maelezo yaliyo sahihi zaidi.

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina. Holland si nchi nzima. Ni mikoa miwili, Noord-Holland na Zuid-Holland, kati ya mikoa 12 ya Uholanzi. Sisi tumechukua jina la sehemu tukaipa lugha yote, kama vile mtu angeamua kukiita Kiswahili chote Kiunguja. Wenyewe huiita Nederlands, wawe Amsterdam, Antwerpen ya Ubelgiji au Paramaribo ya Suriname. Mwaka 1980 Uholanzi na Ubelgiji zilisaini mkataba wa kuwa na chombo kimoja cha lugha hiyo, Nederlandse Taalunie, na Suriname ikajiunga nacho mwaka 2004 ikiwa mwanachama mshiriki. Neno "Kidachi", lililojitokeza katika makala, kamusi zetu hulitumia kwa maana ya Kijerumani, kwa hiyo hapa linapotosha.

"Kiflemi" nacho kinahitaji uangalifu. Lugha ya shule, bunge na magazeti ya Flanders, yaani nusu ya kaskazini ya Ubelgiji, ni Kiholanzi kile kile, chenye lafudhi yake na msamiati wake kidogo. Ukitoka kwenye lugha sanifu ukashuka kwenye usemi wa vijijini, hukuti lahaja moja iitwayo Kiflemi. Unakuta Kiflemi cha Magharibi, Kiflemi cha Mashariki, Kibrabanti na Kilimburg. Kibrabanti kinasemwa Antwerpen na Leuven upande wa Ubelgiji, kisha kinaendelea hadi mkoa wa Noord-Brabant upande wa Uholanzi. Kilimburg kina mkoa wa Limburg kila upande. Kiflemi cha Magharibi kinakaribiana mno na Kizeeland cha visiwa vya kusini-magharibi mwa Uholanzi, na mkia wake unafika Ufaransa, katika vijiji vya jirani na Dunkirk. Msomaji wa Vanga au wa Jasini hahitaji kufundishwa jambo hili: kituo cha forodha hakibadilishi matamshi ya jirani.

Kaskazini-mashariki mwa Uholanzi, katika Groningen, Drenthe, Twente na Achterhoek, kuna kundi jingine kabisa, Kisaksoni cha Chini. Kihistoria kundi hili lina undugu wa karibu zaidi na usemi wa vijijini wa kaskazini mwa Ujerumani kuliko na Kiholanzi cha Amsterdam. Friesland ina Kifrisia, ambacho ni lugha na si lahaja ya Kiholanzi. Ramani yenu ilikimeza.

Lakini kosa kubwa si rangi gani iliwekwa wapi. Kosa kubwa ni kwamba ramani haikusema imechorwa kwa mbinu gani. Lahaja za Kiholanzi zimegawanywa kwa mbinu zisizopungua tatu, na kila mbinu imetoa ramani yake. Idadi ya "lahaja nne" au "lahaja 28" haina maana mpaka ijulikane ilipatikanaje.

Mbinu ya zamani zaidi ni ya mistari. Mtafiti anachagua neno au sauti, anauliza kijiji kwa kijiji, kisha anachora mstari unaotenga wanaosema hivi na wanaosema vile. Wanaisimu huuita mstari huo isoglosi. Chukua neno la nyumba. Lugha sanifu husema huis, yenye irabu unganifu (irabu mbili zinazotamkwa kama moja). Groningen na sehemu kubwa ya Limburg husema hoes, ambayo kwa masikio yetu ni "hus" tu. Zeeland na Flanders ya Magharibi hutumia irabu ya mbele yenye midomo iliyoviringwa, huandikwa uu, na mara nyingi h huangushwa, neno likabaki uus. Mistari miwili inatosha kuonyesha kanda tatu.

Tatizo ni kwamba kila neno lina mstari wake. Mwanalahaja G. G. Kloeke alilionyesha hili mwaka 1927 kwa kufuatilia maneno mawili, huis (nyumba) na muis (panya). Zamani yote mawili yalikuwa na irabu ile ile, kwa hiyo mtu angetegemea mistari yake ipite pamoja. Haipiti. Kuna ukanda ambamo watu husema moes kwa panya, kwa irabu ya kale, lakini husema huus kwa nyumba, kwa irabu mpya zaidi iliyotoka magharibi. Maelezo ya Kloeke ni kwamba neno la nyumba lilitajwa kila siku katika mazungumzo na wakubwa, wafanyabiashara na watu wa serikali, likaiga matamshi yenye hadhi. Panya alibaki jikoni na ghalani, na matamshi yake yakabaki huko. Sauti haikusafiri kama jeshi lenye safu moja. Ilisafiri neno kwa neno. Anayechora mpaka wa lahaja kwa neno moja anachora mpaka wa neno hilo tu.

Mifano ya mistari inayosaliti ni mingi. Wengi hukitambua Kisaksoni cha Chini kwa umoja wa kitenzi katika wingi: sisi, ninyi na wao wote hupata kiishio -t, kama wij maakt mahali pa wij maken. Kanuni hii ni safi ukiwa Twente au Achterhoek, lakini Groningen hutumia -en. Ukiichukua -t kuwa kipimo pekee, umewatupa nje watu wa Groningen, ambao kila kipimo kingine kinawaweka ndani. Ukichagua badala yake neno old (mzee, -a zamani), ambalo huko bado lina l wakati Holland husema oud, Groningen inarudi.

Kisa cha Limburg ni kizito zaidi. Mstari maarufu wa Uerdingen unawatenga wanaosema ik (mimi) na wanaosema ich. Vitabu vingi vya shule huuita mpaka wa Kilimburg. Mji wa Venlo, katika mkoa wa Limburg wa Uholanzi, husema ik, kwa hiyo kwa kipimo hicho uko nje. Lakini Venlo husema mich kwa "mimi" anayetendwa, na zaidi ya hapo ina toni. Ndiyo, toni, kama zile za lugha nyingi za Kibantu. Katika lahaja za Limburg neno bein ni mguu au miguu kutegemea mwendo wa sauti: ikishuka haraka ni miguu, ikivutwa ni mguu. Sifa hii haipatikani Holland wala Flanders ya Magharibi na ya Mashariki. Mtu anayepima kwa toni ataiingiza Venlo ndani ya Limburg bila kusita; anayepima kwa ik na ich ataiacha nje. Hakuna aliyekosea hesabu. Wamepima vitu viwili tofauti.

Mstari pia unaweza kuunganisha wasiohusiana. Lugha sanifu huandika lopen (kutembea), na Holland hutamka lope, n ikadondoka. Groningen na Twente humeza irabu na kubakiza n au m mwishoni: loopm. Flanders ya Magharibi hufanya karibu vivyo hivyo. Kwa kipimo hiki peke yake kona mbili za mbali, kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, zingekuwa lahaja moja, na katikati yake nyingine. Kinachoonekana pale ni kwamba katikati ilibadilika na pembeni hapakubadilika. Undugu wa pekee kati ya kona hizo haupo.

Mbinu ya pili inawauliza wenyeji wenyewe. Mwanalahaja A. A. Weijnen aliitumia mwaka 1946 kwa vijiji vya mashariki mwa Noord-Brabant. Kila mhojiwa aliulizwa ni vijiji gani vya jirani vinasema sawa na kwake, na mtafiti akachora mshale mdogo kutoka kijiji hadi kijiji. Palipo na mishale mingi pana kundi, na pasipo na mshale unaovuka pana mpaka. Idara ya lahaja ya Amsterdam, ambayo leo ni Meertens Instituut, ilikuwa imeshatuma hojaji mwaka 1939 yenye maswali mawili ya aina hiyo: wapi husema sawa au karibu sawa na ninyi, na wapi husema tofauti kabisa, na tofauti hizo ni zipi. Majibu yalitoka sehemu zipatazo 1,500. Juu ya majibu hayo Jo Daan alijenga ramani iliyotoka mwaka 1969 pamoja na maelezo aliyoyaandika na D. P. Blok, yenye makundi 28. Ndiyo ramani inayonakiliwa zaidi hadi leo.

Tunaithamini ramani hiyo kwa sababu inasikiliza masikio ya wenyeji, na mwenyeji husikia mambo ambayo hojaji ya maneno 20 haiyaoni. Hata hivyo ina kasoro zake, na ni za kivitendo. Kwanza, hojaji ya 1939 ilihusu Uholanzi tu, ikabidi upande wa Ubelgiji uchorwe kwa ushahidi wa aina nyingine. Ramani moja, vipimo viwili. Pili, mhojiwa huwataja majirani anaowafahamu. Akikaa karibu na mpaka wa nchi, au akitenganishwa na kijiji cha pili kwa mto usio na daraja au kwa dhehebu la kanisa, mshale hauvuki hata kama usemi ni ule ule. Tatu, watu huikuza tofauti moja inayochekesha. Kijiji kinachotania jirani yake kwa irabu moja kitaapa kwamba jirani "husema tofauti kabisa". Willem Grootaers, padri Mbelgiji aliyefanya kazi Japani, alikuta katika eneo la Itoigawa kwamba mipaka ambayo watu walidai kuisikia ililingana na mipaka ya shule na tawala za zamani kuliko ilivyolingana na tofauti za usemi. Onyo lake liliwafikia wanalahaja wa Kiholanzi moja kwa moja, na halijapoteza nguvu.

Mbinu ya tatu ni kupima kwa hesabu, na hii tungependa kuieleza hatua kwa hatua, kwa kuwa inaweza kufanywa na kikundi chochote cha wanafunzi wenye subira na kompyuta moja.

Inahitaji kwanza data inayolinganishika. Kwa Kiholanzi ipo hazina kubwa iliyoanzishwa na Edgard Blancquaert wa Gent na kuendelezwa pamoja na Willem Pée: mfululizo wa atlasi za lahaja zilizotoka kati ya 1925 na 1982, juzuu 16, zikigusa sehemu zaidi ya 1,900. Katika kila sehemu msemaji alipewa sentensi 139 za kutafsiri kwa usemi wa kwao. Ya kwanza inahusu kuku wanaoogopa wakimwona kipanga. Mtafiti alinukuu kila sauti papo hapo kwa alama za kifonetiki. Mwaka 2004, katika tasnifu yake huko Groningen, Wilbert Heeringa alichagua sehemu 360 na maneno 125 kutoka kwenye sentensi hizo.

Kila neno linalinganishwa kati ya sehemu mbili kwa kuhesabu hatua chache kabisa za kuligeuza moja liwe jingine: kuondoa sauti, kuongeza sauti, au kubadilisha sauti. Hesabu hiyo ina jina la Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Kisovieti aliyeieleza mwaka 1965. Kwa mfano wa nyumbani: Kiunguja jicho, Kimvita jito, Kiamu ito. Kutoka jicho hadi jito ni hatua moja, ch kuwa t. Sauti ni nne (ch ni sauti moja, ingawa ni herufi mbili), kwa hiyo umbali ni 1/4, yaani asilimia 25. Kutoka jicho hadi ito ni hatua mbili kwa nafasi nne, asilimia 50. Kwa Kiholanzi, hoes ya Groningen na uus ya Zeeland: h inaondolewa, irabu inabadilishwa, s inabaki. Hatua mbili kwa nafasi tatu, kama asilimia 67.

Kugawanya kwa urefu si pambo. Usipogawanya, neno refu lenye kasoro mbili litapiga kelele kuliko neno fupi lililobadilika lote. Irabu ilinganishwe na irabu, na konsonanti na konsonanti. Programu ikiachwa huru itapanga s mbele ya a na kutoa umbali usio na maana. Mtafiti makini pia hatoi hatua kamili kwa kila badiliko. Kutoka i kwenda e ni karibu, kutoka i kwenda a ni mbali, na hesabu ionyeshe hivyo. Halafu kuna maneno ambayo hayana asili moja. Sehemu kubwa ya Flanders kiazi ni patat, wakati lugha sanifu husema aardappel. Kuvilinganisha viwili hivyo sauti kwa sauti ni kupima kitu ambacho si matamshi. Iamuliwe mapema: kama kinachopimwa ni matamshi, jozi hiyo iachwe, kama ni msamiati, ihesabiwe kuwa tofauti nzima. Ukichanganya viwili bila kusema, msomaji hatajua umbali umetoka kwenye ulimi au kwenye kamusi.

Baada ya hapo ni wastani. Sehemu 360 zinatoa jozi 64,620, na kila jozi ina maneno 125, yaani ulinganisho wa zaidi ya milioni nane. Ndiyo maana kazi hii haikufanyika kwa penseli. Jedwali la umbali likishapatikana, kompyuta huanza kuunganisha jozi iliyo karibu zaidi, kisha inayofuata, mpaka mti mmoja utokee. Ukiukata mti kwa kina fulani unapata makundi. Heeringa aliukata akapata makundi makuu 13. Miongoni mwake Kifrisia kimejitenga, Limburg imejitenga, Flanders ya Magharibi na ya Mashariki zimetengana, na kijiji cha wavuvi cha Urk kimesimama peke yake. Urk ilikuwa kisiwa ndani ya ghuba ya zamani ya Zuiderzee mpaka 1939 ilipounganishwa na bara, na mpaka leo mti wa hesabu unaiona kama kisiwa.

Hapa ndipo hatari ilipo, kwa sababu mti huonekana kama hukumu. Sivyo. Kwanza, mti hulazimisha makundi hata pale ambapo usemi hubadilika pole pole bila ukingo, kama rangi ya maji kutoka pwani kwenda kina kirefu. Badilisha maneno machache na matawi ya katikati yanahama. Dawa ni kurudia hesabu mara nyingi kwa maneno yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kukubali tawi lile tu linalorudi karibu kila mara. Upo pia uwezekano wa kuchora bila mti: umbali wote unapunguzwa kuwa vipimo vitatu, kila kipimo kinapewa rangi, nyekundu, kijani na bluu, na kila kijiji kinapata mchanganyiko wake. Kwenye ramani ya namna hiyo unaona mahali pa ukingo mkali, kama kuzunguka Friesland, na mahali ambapo rangi zinaelekeana taratibu, kama kutoka Brabant kwenda Limburg. Kwa gazeti, tungechagua ramani hii.

Kosa la pili ni la wanaonukuu, nalo tunaliona kuwa baya kuliko yote kwa kuwa halionekani. Sikio la mtafiti mmoja husikia irabu mbili pale ambapo mwenzake anasikia moja. Mradi mwingine mkubwa wa kurekodi, uliofanyika kati ya 1980 na 1995 katika sehemu 613 za nchi zote mbili, ulionyesha hilo wazi: wanukuzi wa Uholanzi walitumia alama nyingi zaidi kuliko wa Ubelgiji kwa sauti zinazofanana. Ukiitia data hiyo kwenye kompyuta ilivyo, unapata mpaka mkali wa lahaja unaopita hasa juu ya mpaka wa nchi, uliotengenezwa na kalamu. Pengine ramani mliyoinakili ina kosa la ukoo huo. Data kama hiyo hupimwa kila upande peke yake, au alama hupunguzwa kwanza hadi zile zilizotumiwa na wote. Kosa la tatu ni la muda: msemaji wa juzuu ya 1925 na wa juzuu ya miaka ya 1970 hawako kizazi kimoja, na katikati yao kulipita redio, televisheni na shule kwa wote.

Hilo la muda linatufikisha kwenye jambo ambalo linaweza kuonekana kupingana na tuliyoyasema, na ni haki lisemwe. Katika miongo ya karibuni mpaka wa Uholanzi na Ubelgiji umeanza kweli kuwa mpaka wa usemi. Vijana wa Noord-Brabant wanavutwa na usemi wa miji ya Holland, vijana wa Antwerpen wanatumia usemi wa kati wa Flanders unaoitwa tussentaal, ambao si lahaja ya kijijini wala si lugha ya taarifa ya habari. Lahaja mbili zilizokuwa ndugu zinaachana mgongo kwa mgongo. Kwa hiyo ramani ya usemi wa vijana wa leo ingeruhusiwa kuonyesha ukingo pale, mradi iandikwe kwamba ni ya usemi wa vijana wa leo.

Matamshi si kila kitu. Atlasi ya sintaksia (muundo wa sentensi) iliyotoka mwaka 2005 na 2008, yenye sehemu 267, inagawanya nchi kwa namna nyingine. Msomaji wa Kiswahili atafurahia Flanders ya Magharibi, ambako neno "ndiyo" hubeba kiambishi cha mtu: joak ni "ndiyo" ya mimi, joat ni "ndiyo" ya kitu. Hata neno la "kwamba" hukubaliana na mtenda, da kwa umoja na dan kwa wingi. Ukipanga lahaja kwa sifa hizi, kusini-magharibi inajitenga zaidi kuliko inavyojitenga kwa irabu.

Friesland nayo isipakwe rangi moja tu. Ndani ya Leeuwarden na miji mingine kadhaa kuna usemi wa mjini uliojengwa juu ya Kiholanzi cha Holland ukachanganyika na Kifrisia. Het Bildt, ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini kuanzia 1505 na walowezi wa kutoka kusini mwa Holland, ina usemi wake hadi leo. Kwa msamiati huelekea Holland, kwa mpangilio wa sentensi huelekea Kifrisia, na kila mbinu inaiweka pengine.

Mwisho kuna hadhi ya kisheria, ambayo makala iliichanganya na uainishaji. Chini ya mkataba wa Baraza la Ulaya kuhusu lugha za kimkoa na za wachache, Uholanzi imekipa Kifrisia ulinzi wa ngazi ya juu, na Kisaksoni cha Chini pamoja na Kilimburg ngazi ya chini yake. Kizeeland kiliomba kikakataliwa. Ubelgiji haikusaini mkataba huo. Kwa hiyo Kilimburg cha Maastricht ni "lugha ya kimkoa" na kile cha Hasselt, umbali wa chini ya kilomita 30, hakina jina hilo. Hayo ni maamuzi ya serikali, na hayapimi umbali wa usemi.

Tunaomba basi, mkiirudia ramani hiyo, rangi za Kibrabanti na Kilimburg zivuke mpaka. Kiflemi cha Magharibi na Kizeeland zipewe rangi za karibu, na Flanders ya Mashariki ya kwake. Kisaksoni cha Chini kitengwe na kiendelezwe kwa mistari hafifu hadi ndani ya Ujerumani. Na Friesland ipate rangi ya lugha nyingine, miji yake na Het Bildt vikionyeshwa kwa nukta. Chini ya ramani muandike mstari mmoja wenye mambo manne: mbinu iliyotumika, mwaka wa data, idadi ya sehemu zilizohojiwa, na kama kilichopimwa ni matamshi, msamiati au sintaksia. Mstari huo huo tungeuomba pia kwa ramani za lahaja za Kiswahili mnazochapa, maana nyingi hazisemi kama Kimtang'ata na Kivumba vilitengwa kwa sauti, kwa maneno au kwa sababu vijiji vyenyewe vilisema hivyo. Na Urk, ndogo kama ilivyo, isisahauliwe.

Wasomaji wenu,
walimu wa isimu